Risasi, zinki na shaba kwenye mate: kipimo cha mtaani kinaweza kukwambia nini?

Swali: "Assalaam alaykum daktari. Mimi niko Matondoni, Lamu. Wiki jana walikuja watu wakaweka meza, wakasema wanapima madini yote ya mwili kwa kutumia mate. Mwanangu ana miaka minne. Siku hizi hali vizuri, tumbo humuuma, choo kigumu, na amekuwa na hasira ambazo hakuwa nazo. Alitafuna kipande cha pamba kikachukuliwa, na majibu yakaja kwa simu: zinki chini, risasi kawaida. Mavyaa wangu, ambaye hula tambuu tangu ujana wake, akaambiwa shaba yake iko juu. Wametuuzia matone ya kuongeza madini. Baba mtoto ni mvuvi, na chubwi za mishipi yake husubu mwenyewe uani kwa risasi ya betri kuukuu za gari. Je, niyaamini majibu haya? Na hayo matone nimpe mtoto?"

Jibu:

Wa alaykum salaam, dadangu. Barua yako ina jambo uliloliweka mwisho, nami naliona ndilo la kwanza. Mtoto wa miaka minne anaumwa tumbo, choo kigumu, hana hamu ya chakula, ana hasira, na uani kwao panayeyushwa risasi ya betri. Mtoto huyo apimwe risasi kwenye damu, na asingoje mwezi ujao. Yale majibu ya "risasi kawaida" yaweke kando kabisa. Matone usimpe. Mavyaa wako naye anahitaji mtu wa kumwangalia kinywa kwa taa, ingawa si kwa sababu ya hiyo shaba.

Sasa nieleze sababu, maana ukimwambia mumeo kwamba mtu wa maabara wa Malindi amekataa tu, na pesa zimeshatoka, mtagombana bure.

Kupima madini kwenye mate si wazo la kitapeli. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na karibu yote ni maji. Hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa: za mbele ya masikio (ndizo zinazovimba mtoto akipata matubwitubwi), za chini ya taya na za chini ya ulimi, pamoja na vitezi vidogo vingi vilivyotapakaa midomoni na mashavuni. Tezi hizi huchota maji kutoka kwenye damu, na pamoja na maji hupita sodiamu, potasiamu, kalsiamu na fosfeti, kisha kwa viwango vidogo mno zinki, shaba, chuma, manganizi, seleni na vinginevyo. Wanasayansi wameyachunguza haya kwa miongo mingi. Mvuto wake unaeleweka: hakuna sindano, mtoto halii, na mama anaweza kuchukua sampuli nyumbani. Mashine nazo zipo. Ile inayoitwa ICP-MS huipitisha sampuli kwenye gesi ya arigoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, ikaivunja hadi atomi, kisha ikazihesabu atomi kwa uzito wake. Ina uwezo wa kuona kiasi ambacho mizani ya kawaida haitakiona maisha.

Shida ni kwamba mate unayoyatema si yale yaliyotoka kwenye tezi. Ni kama maji ya jabia: mvua imo, na vyote vilivyokuwa juu ya paa vimo. Kuna ukoga wa meno, mabaki ya chakula, dawa ya meno ya asubuhi, damu ya ufizi, vumbi la vidole, na mabilioni ya bakteria. Mashine haijui kipi kimetoka kwenye damu na kipi kimeokotwa njiani. Inahesabu vyote na kukupa namba moja.

Tuanze na risasi, ambayo ndiyo ya kuogopwa hapa.

Risasi ikiingia kwenye damu, takriban asilimia 99 yake hujificha ndani ya seli nyekundu. Kwenye plazma, yale maji ya damu ambayo tezi za mate huyachota, hubaki kama asilimia moja au pungufu. Fanya hesabu pamoja nami. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu, au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Hiyo ni mikrogramu 50 kwa lita. Asilimia moja yake ni nusu mikrogramu kwa lita ya plazma. Hata tezi zikiipitisha yote bila kubakiza, kwenye mililita moja ya mate ya mtoto huyo unatafuta nusu ya sehemu moja ya elfu ya mikrogramu.

Mtoto huyohuyo ametoka kucheza uani na kutia kidole mdomoni. Vumbi lenye mikrogramu moja ya risasi hutaliona kwa jicho, wala hutalihisi mkononi. Likichanganyika na ile mililita moja ya mate, mashine itasoma mikrogramu 1,000 kwa lita, yaani mara elfu mbili ya kile kilichotoka kwenye damu. Namba hiyo ingekwambia kwamba vidole vya mtoto vina risasi. Ni habari muhimu, sikatai, lakini si jibu la swali la kiasi gani kimeshaingia mwilini.

Geuza upande wa pili. Mtoto kanywa maji, kinywa kimesuuzika, pamba imechukua mate kidogo, mashine ya wale watu (kama ipo) haifiki kwenye viwango hivyo vidogo. Jibu linakuja "kawaida". Maana yake hapo ni kwamba hawakuona kitu, na watu wasioona kitu huandika kawaida. Tena kawaida ya nani? Kwa damu tuna mipaka iliyokubaliwa na madaktari duniani. Kwa mate hakuna mpaka wa namna hiyo ambao daktari anaweza kuutumia kumwambia mama mtoto wako mzima au mgonjwa. Tafiti zilizolinganisha risasi ya mate na ya damu kwa watu walewale zimetoa majibu yanayopishana. Ukichukua wafanyakazi wengi wa kiwandani kwa pamoja, uhusiano unaweza kuonekana. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, haushikiki.

Kuna na suala la muda. Risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya mwezi mmoja hivi, lakini sehemu kubwa huwa haijatoka mwilini: imehamia mifupani, na huko hukaa miaka na mikaka. Kwa hiyo hata kipimo cha damu kinaonyesha zaidi yaliyoingia karibuni. Mate yako mbali zaidi na ukweli kuliko damu.

Cha ajabu ni kwamba kinywa kina alama yake ya zamani ya risasi, nayo haihitaji mashine. Mwaka 1840 daktari Henry Burton wa London alieleza mstari wa rangi ya buluu iliyoiva, karibu na nyeusi, unaopita kwenye ukingo wa ufizi pale unapokutana na meno. Risasi inayofika kwenye ufizi hukutana na salfa inayotengenezwa na bakteria wa ukoga, zikaungana zikawa salfaidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Mwangalie mumeo. Huo mstari huonekana zaidi kwa watu wazima waliokaa na risasi muda mrefu na ambao meno yao yana ukoga. Ukiuona, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Usipouona, haimaanishi chochote, hasa kwa mtoto.

Pwani yetu si mgeni wa habari hii. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ubavuni mwa nyumba za watu. Wakaazi wakiongozwa na Phyllis Omido walipambana mpaka kikafungwa, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe Sh1.3 bilioni. Kilichowafungua watu macho pale ni damu ya watoto iliyopimwa. Uani kwako si kiwanda, lakini vumbi ni lilelile. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa likipulizwa linalifikia bila taabu. Na kwa betri, hatari kubwa haiko kwenye kile kipande kinachong'aa baada ya kupoa kwenye kalibu. Iko kwenye ule unga wa kijivu na kahawia unaobanduka kwenye sahani za betri zinapovunjwa, na kwenye takataka inayoelea juu ya risasi ikichemka, ambayo mtu huikwangua na kuitupa palepale mchangani.

Zinki ya mtoto nayo imekuwaje?

Hapa wale watu wameokota kitu chenye historia ya kweli. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Robert Henkin akiwa mmoja wao, walieleza protini yenye zinki waliyoitoa kwenye mate ya tezi za mbele ya masikio. Baadaye ilijulikana kuwa ni moja ya vimeng'enya vya kundi la kaboniki anhidrasi, na ikahusishwa na uwezo wa ulimi kuonja. Mtu aliyepungukiwa sana na zinki hupoteza ladha ya chakula, basi wengi wakatumaini kwamba mate yangetuambia mapema nani amepungukiwa. Tumaini hilo halijazaa kipimo cha kutumika kliniki. Kiwango cha zinki kwenye mate hupanda na kushuka kwa saa ya siku, kwa chakula, na hasa kwa kasi ya mate yenyewe. Mtu akiwa ametulia hutoa kama theluthi ya mililita kwa dakika. Akitafuna, hata kama ni pamba tu, kasi hupanda mara kadhaa na mate huwa mepesi. Mwanao alitafuna. Mtoto mwingine aliyeachwa adondoshe mate taratibu angetoa namba nyingine, na wote wawili zinki yao ya mwili ni ile ile.

Kisha ile pamba. Pamba ina zinki yake, na pia huyazuia baadhi ya madini yasitoke ndani yake wakati mate yanapokamuliwa. Glavu zenye unga huweza kuleta zinki. Baadhi ya dawa za meno zina zinki ndani yake. Mabati mengi hupakwa zinki yasishike kutu, kwa hiyo hata maji ya mvua yaliyopita kwenye paa jipya la mabati huongeza lake. Maabara inayojua kazi yake haitumii pamba kwa madini. Humwambia mtu asile wala asipige mswaki kwa muda uliopangwa, asuuze kinywa kwa maji safi yasiyo na madini, angoje kidogo, kisha aache mate yadondoke yenyewe kwenye kichupa cha plastiki kilicholowekwa na kuoshwa kwa asidi. Na wanaweka kichupa kitupu kando, wakipime nacho, waone chombo chenyewe kimechangia nini. Ungewauliza wale watu wa meza kuhusu kichupa kitupu, ningependa kusikia walijibu nini.

Nisikufiche kwamba hata zinki ya kwenye damu ina matatizo yake: mtoto akiwa na homa au maambukizi hushuka bila mwili kupungukiwa. Ndiyo maana madaktari huangalia zaidi anakula nini, anakua vipi, anaharisha mara ngapi. Kwa mtoto anayeharisha hatungoji kipimo chochote. Tangu 2004 ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF ni zinki ya vidonge, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya ORS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita nusu yake. Mwanao haharishi, amefunga choo. Matone yasiyosema yana miligramu ngapi za nini hayamfai. Zinki ikizidi huzuia shaba isifyonzwe tumboni, na baadhi ya hivyo vichupa vya "madini yote" sitashangaa vikiwa na vitu ambavyo mtoto hatakiwi kuvila.

Chuma hawakukutajia, lakini nakitaja kwa sababu ndicho mfano mzuri kuliko wote wa jinsi kinywa kinavyodanganya. Lita moja ya damu ina karibu nusu gramu ya chuma, karibu yote ndani ya himoglobini. Tone moja la kawaida la damu ni mikrolita 50 hivi. Chukua sehemu moja ya hamsini ya tone hilo, kiasi ambacho ufizi wenye ugonjwa hukitoa ukipiga mswaki na wala hutaona wekundu, ukichanganye na mililita moja ya mate. Umeongeza mikrogramu 500 za chuma kwa lita. Mtu mwenye upungufu wa damu na ufizi mbovu anaweza kuonekana tajiri wa chuma. Kwa chuma pimeni himoglobini, na ikiwezekana feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Kwa mwanao hili si la pembeni, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi, na tayari mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano ya anavyofyonza mtu mzima.

Sasa mavyaa wako na shaba yake.

Hii ndiyo namba pekee kati ya zote ambayo inawezekana kabisa ni ya kweli, na bado imesomwa vibaya. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, ina shaba nyingi kuliko karanga na kokwa nyingi tunazokula. Mtu akitafuna tambuu, shaba hiyo huyeyukia kwenye mate, na imepimwa kwa watafunaji: hupanda wakati wa kutafuna. Kwa hiyo kumpima bibi wa uraibu na kumwambia "shaba yako iko juu" ni kumwambia kwamba amekula tambuu. Hilo hata midomo yake inasema, haikuhitaji pesa zenu.

Lakini jambo haliishii hapo. Watafiti wanaamini shaba hiyo ina mchango katika ugonjwa unaowapata watafuna popoo, ambapo nyama laini ya ndani ya mashavu hukakamaa na kuwa na nyuzinyuzi ngumu. Kuna kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni ziwe imara, nacho hufanya kazi kwa shaba. Kikipewa shaba kila siku kwa miaka, pamoja na kemikali nyingine za popoo, kolajeni hujikusanya isivunjike. Mtu huanza kwa kuhisi pilipili inachoma kuliko zamani. Kisha utando wa kinywa unapauka, mashavu yanakuwa magumu kwa ndani, na mdomo hauachamii sawasawa. Ugonjwa huu unaweza kugeuka saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Basi mwambie kwa adabu zote, najua kumwambia mavyaa jambo la tambuu si kazi nyepesi, ajaribu kupitisha vidole vyake vitatu kwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikipita bila taabu, vizuri. Visipopita, au kama kuna doa jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda kilichozidi wiki mbili, au pilipili imekuwa adui, aende kwa daktari wa meno amwangalie na kumpapasa mashavu kwa ndani. Kuna tafiti zinazolinganisha shaba na zinki za mate kwa watu wenye saratani ya kinywa na wasio nayo, na wastani wa makundi hutofautiana. Wastani wa kundi haumsaidii bibi mmoja. Namba za wagonjwa na za wazima zimeingiliana sana hivi kwamba mtu mwenye namba ya katikati anaweza kuwa yeyote. Jicho na kidole cha daktari vinaona zaidi.

Utauliza, kama ni hivyo mbona kipimo cha HIV cha kujipangusa ufizi, ambacho Kenya ilianza kukisambaza watu wajipime wenyewe mwaka 2017, kinaaminiwa? Kwa sababu kinatafuta kitu ambacho mtu asiye na virusi hana: kingamwili za HIV. Swali ni zipo au hazipo, na kinywa hakiwezi kuziokota kwenye mchuzi wa nazi. Hata hivyo mtu akipata jibu la kuwa nazo, huenda kuthibitisha kwa damu. Zinki, chuma na shaba kila mtu anazo, kila chakula kinazo, na swali ni kiasi gani hasa. Hayo ni maswali ya aina mbili tofauti. Homoni ya kotisoli nayo hupimwa kwenye mate na madaktari hutegemea jibu lake, hasa ya usiku wa manane, kwa vile kiwango chake kwenye mate hufuata vizuri kile cha damu.

Hata madini joto (iodini), ambayo tezi za mate huyakusanya kwa nguvu kuliko damu yenyewe, hatuyapimi hivyo. Ukipanda basi Mokowe kuja huku, ukipita Marereni na Gongoni, unapita kwenye mashamba ya chumvi inayoliwa Kenya nzima, na sheria ya kuitia madini joto ni ya 1978. Kujua kama chumvi hiyo inafanya kazi, wataalamu hukusanya mkojo wa watoto wa shule, kwa sababu sehemu kubwa ya madini joto tunayokula hutokea huko.

Zebaki ina kisa chake. Miaka ya 1990 Ujerumani kulivuma kipimo cha kutafuna chingamu: mtu mwenye meno yaliyozibwa kwa amalgamu, mchanganyiko wenye zebaki, hutema mate kabla na baada ya kutafuna, zebaki inapimwa, na baada ya hapo wengi wakang'olewa maziba yao. Namba zilikuwa za kweli, zebaki ilikuwepo. Ila ilikuwa imekwanguka kutoka kwenye maziba yenyewe wakati wa kutafuna, na haikuonyesha kiasi kilichomo mwilini. Zebaki ya samaki hupimwa kwenye damu au nywele, ya mvuke na maziba kwenye mkojo. Na kabla hujaniuliza kuhusu samaki: endeleeni kula. Jirani zetu wa Ushelisheli, ambao hula samaki karibu kila siku, wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1980 kwa kupima nywele za akina mama, na watoto wao hawakuonyesha madhara ya wazi ya ulaji huo. Sulisuli na papa wakubwa ndio wenye zebaki nyingi. Mtoto na mama mjamzito wale zaidi changu, tasi na dagaa.

Turudi nyumbani kwako. Kusubu uani kukome leo, kabla ya majibu yoyote. Chubwi si lazima iwe ya risasi iliyoyeyushwa nyumbani: vipande vya nondo vinafanya kazi, na mawe yaliyotobolewa yalikuwa yakishusha mishipi kabla betri hazijafika Lamu. Sufuria na jiko la kusubia visirudi jikoni kwa hali yoyote. Uani usifagiwe mkavu kwa ufagio wa chelewa, maana unalipandisha vumbi mtoto analivuta. Nyunyizeni maji kwanza, na ndani pigeni deki kwa kitambaa kilicholowa. Pale alipokuwa akiyeyushia, mtoto asichezee tena. Funikeni kwa mchanga safi wa kutosha au saruji. Mumeo avue nguo za kazi nje na zifuliwe peke yake. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha ziwe fupi. Mpe dagaa, kunde, maini ukiyapata, maziwa, na ndimu au embe pamoja na chakula ili chuma kiingie vizuri. Kama unampaka wanja wa jiwe, uache; wanja wa aina hiyo mara nyingi ni salfaidi ya risasi iliyosagwa.

Hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, mkifika mwambie daktari maneno haya bila kuzunguka: "Baba yake anayeyusha risasi ya betri nyumbani, mtoto anaumwa tumbo na hapati choo, naomba apimwe risasi na himoglobini." Wakikwambia damu itasafirishwa kwenda maabara kubwa, kubali. Waombe damu ya mshipa. Damu ya kuchoma kidole huingiwa na vumbi la ngozi kwa namna ileile niliyokueleza ya mate, na ikisoma juu itabidi irudiwe. Mumeo apimwe, na wewe pia kama una mimba au unanyonyesha, kwa sababu risasi hupita kwenye kondo la nyuma. Ikiwa mtoto atakutwa na mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi, atapewa dawa za kuitoa risasi chini ya uangalizi wa hospitali. Akiwa kati ya 5 na 45, tiba kubwa huwa ni kukiondoa chanzo, chakula, na kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa muone kama inashuka. Daktari anaweza kuamua zaidi ya hapo kulingana na dalili zake. Akianza kutapika mfululizo, kusinzia kusiko kwa kawaida au kushikwa na degedege, usingoje majibu, mkimbize.

Majibu yakitoka niandikie namba pamoja na kipimio chake kama kilivyoandikwa. Maabara moja huandika kwa desilita, nyingine kwa lita, na 5 ya kwanza ndiyo 50 ya pili.